Mganga Aandike, Kijiji Kisome

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya waganga, wauguzi na wakunga wenye kazi ya kuandika, Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida)



Katika zahanati yoyote ya nchi hii, iwe ya mjini au ya huku ambako mama huamka alfajiri na kutembea na mtoto mgongoni mpaka jua limepanda, kuna meza, na juu ya meza hiyo kuna vitabu vikubwa vyenye mistari. Ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao ulienea nchini kote katika miaka ya 1990. Kitabu cha 5 huandikwa wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito, cha 7 watoto, na cha 12 wanaojifungua. Muuguzi anayepokea watu tangu asubuhi hadi jioni huandika kila anayeingia: umri, kijiji, maradhi, dawa. Mwisho wa mwezi huketi kwa taa akijumlisha.

Kwa hiyo wanaodai kwamba watumishi wa afya si waandishi wamekosea tangu mwanzo. Huenda hakuna mtumishi kijijini, hata mwalimu, anayeandika maneno mengi kwa siku kuliko muuguzi wa zahanati. Swali la kujiuliza ni maandishi hayo huenda wapi. Hupanda. Hutoka zahanati kwenda wilayani, mkoani, kisha wizarani, na siku hizi safari yenyewe hufanywa kwa kompyuta. Huko juu hugeuka majedwali, na majedwali hugeuka mipango na bajeti. Hilo ni jema na ni la lazima. Lakini maandishi hayo hayashuki. Mwanakijiji aliyetoa habari za mwili wake mwenyewe, pamoja na jirani zake mia tatu waliotoa habari za miili yao, haambiwi katika mwaka mzima kwamba kitongoji chake ndicho kilicholeta watoto wengi wa kuhara, wala kwamba kisima fulani ndicho kinachotiliwa shaka. Yeye ndiye mwenye mali, na ndiye wa mwisho kuiona. Nusura hataioni kabisa.

Katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki, mambo makubwa yamepatikana pale watumishi wa mbali, waliokuwa peke yao, walipoandika na kuandikiana. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mganga wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akaona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Mganga mwingine angesema ni ajali ya macho, akaendelea na zamu yake. Burkitt alifungua kumbukumbu za hospitali, akaandika makala mwaka 1958, kisha akafanya jambo lililokuwa rahisi kuliko yote: alichapisha vikaratasi vyenye picha za uvimbe ule na kuvipeleka kwa waganga wa hospitali nyingi za Afrika, akiwauliza kama wamepata kuuona. Msaada wa kwanza aliopewa kwa kazi hiyo ulikuwa pauni 25. Majibu yalirudi kutoka hospitali za serikali na za misheni, mengine kutoka mahali ambapo mganga mmoja alikuwa ndiye mpasuaji, mkunga na mtunza stoo. Katika ramani majibu hayo yalijipanga kama mkanda.

Oktoba 1961 Burkitt, pamoja na waganga wawili, Ted Williams wa Kuluva katika West Nile na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Walisafiri majuma kumi, maili zipatazo 10,000, wakapita hospitali 57, wakivuka Tanganyika na kushuka hadi Afrika ya Kusini. Waligundua kwamba uvimbe ule ulifuata joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi zilisalimika. Kutokana na kazi hiyo, wachunguzi wa London, Epstein, Achong na Barr, walipata mwaka 1964 kirusi kilichohusika. Vitabu vya tiba humtaja Burkitt, na anastahili kutajwa. Wale waganga wa pembezoni waliochukua kalamu usiku kujibu karatasi ya mtu wasiyemjua hawatajwi kamwe, na bila wao ramani ile ingebaki nyeupe.

Hapa nchini kuna kisa cha Mahenge, nacho ni cha uchungu zaidi. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alifika Tanganyika mwishoni mwa utawala wa kikoloni, akawakuta watu wenye kifafa wakiishi kando na jamii, wengine wakiwa na makovu makubwa kwa sababu walianguka motoni na jirani wakaogopa kuwagusa. Aliwaanzishia kliniki. Katika kuandika habari za wagonjwa wake alieleza pia jambo ambalo halikuwa katika vitabu alivyosoma: watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena, mfano wa mtu anayesinzia, kabla ya kifafa chenyewe kuwapata. Hayo aliyaandika katika miaka ya 1960. Ulimwengu wa tiba haukushtuka. Ilipita miaka mingi mpaka watoto wa namna hiyo walipoonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ndipo wataalamu wakarejea maandishi ya Mahenge na kukuta kwamba mtu alikuwa amekwisha kusema. Wenye kuvunjika moyo kwa sababu makala yao haikusomwa mwaka ilipotoka na wayakumbuke hayo.

Wapo pia walioandika kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. Leader Stirling, mpasuaji aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi na Mnero, akaingia Bungeni na hatimaye kuwa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980, alitoa kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1947, na kingine mwaka 1977, wakati akiwa waziri. Kenya, Yusuf Dawood, mpasuaji wa Nairobi, aliandika safu yake katika gazeti la Sunday Nation kwa miongo kadhaa, na watu waliilisoma Jumapili kabla ya habari za siasa. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Margaret Ogola, daktari wa watoto, alitoa mwaka 1994 riwaya iliyofika hata madarasani. Hata hivyo wote hao waliandika kwa Kiingereza. Muuguzi wa Singida anayeandika kwa Kiswahili amebeba mzigo ambao wao hawakuubeba, na pia ana wasomaji ambao wao hawakuwa nao.

Juu ya lugha inafaa kukaa kidogo, maana hapo ndipo maandishi mengi ya afya hufa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Ilitanguliwa na vipindi vya masomo ya redio vya mwaka 1970, Uchaguzi ni Wako, na vya mwaka 1971, Wakati wa Furaha, na ikafuatwa mwaka 1975 na Chakula ni Uhai. Katika Mtu ni Afya watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, chini ya miti na katika madarasa, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kazi hiyo. Kwa majuma kumi na mawili walisikiliza Radio Tanzania, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kufanya. Magonjwa yaliyochaguliwa yalikuwa malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu.

Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Redio ilikuwapo kabla, na mahubiri ya usafi yalikuwapo tangu enzi ya mkoloni, tena yakifuatwa na faini. Nguvu ilikuwa katika namna jambo lilivyosemwa. Kijitabu hakikumwambia mtu azingatie kanuni za afya ya mazingira. Kilimwambia achimbe choo, afyeke majani karibu na nyumba, afukie madimbwi, achemshe maji. Kila somo liliishia kwenye jembe. Baada ya hapo kikundi kiliulizana: nani amechimba, nani bado? Waliotayarisha masomo, watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wataalamu wa afya, walikuwa wamekubali nidhamu ngumu ya kuacha nusu ya wanayoyajua ili nusu iliyobaki ifanyike.

Linganisheni na matangazo mengi yanayobandikwa sasa katika kuta za zahanati. Jamii inahimizwa kuzingatia lishe bora yenye virutubisho stahiki. Mama wa Kinyangiri, ambaye ana uwele, mtama, karanga, alizeti, mlenda na kuku watatu, afanye nini baada ya kusoma hayo? Mwandishi anayemjua angesema uji wa mtoto utiwe karanga zilizotwangwa, na yai lisiuzwe lote mnadani. Hiyo si lugha ya chini, bali ni kazi ngumu kuliko ile ya kunakili waraka, kwa sababu inamlazimu mwandishi aijue jikoni ya msomaji wake.

Tena wananchi wenyewe wana maneno, na tiba imekopa kwao mara nyingi. Ugonjwa uliozuka uwanda wa Makonde mwaka 1952 uliwakunja watu viungo hata wakashindwa kusimama wima; Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipouandika mwaka 1955 walichukua jina walilolisikia kwa Wamakonde, na leo waganga wa India na Brazil husema chikungunya. Mwaka 1959 Uganda ikatoa jina la o'nyong'nyong kutoka kwa Waacholi. Hivi karibuni, Julai 2022, watu wa Ruangwa mkoani Lindi walianza kuugua homa, kichwa na kutokwa damu puani. Taarifa zilianzia katika kituo cha tiba cha Mbekenyera. Uvumi ulitangulia, kama kawaida yake, mpaka wizara ilipotangaza kuwa ni leptospirosisi, na katika tangazo hilo hilo ikatoa jina: Homa ya Mgunda. Mgunda, kwa makabila mengi ya nchi hii, ni shamba. Neno moja lilimweleza mkulima mahali ugonjwa unapokaa, kwenye maji na udongo uliokojolewa na panya na wanyama wengine, na lilimpunguzia hofu ya kwamba amerogwa au ameingiliwa na kitu kisicho na jina. Wagonjwa walikuwa 20 na waliokufa 3 wakati wa tangazo lile. Fikirini kama watumishi wa Mbekenyera wangaliandika tu homa na kufunga kitabu.

Uvumi haukai mahali palipojaa habari. Hupenda mahali pakavu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wapo waliokufa njiani, na wapo waliotoka katika vitanda vya hospitali na kuacha dawa zao, hata dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Haifai kuwacheka, maana walikwenda wasomi na viongozi wakubwa pia. Linalostahili kuulizwa ni jambo lingine. Katika majuma yale ya kwanza, ilipokuwa kila abiria wa basi ana habari za aliyepona, waganga na wauguzi walioandika hadharani, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mgonjwa anaweza kwenda akitaka lakini asiache vidonge vyake, walikuwa wangapi? Wengi walilisema jambo hilo chumbani kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mgonjwa aliyekwisha kupanda gari hakulisikia.

Kagera, Machi 2023, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa tarehe 21, wafanyakazi wa afya wakiwa miongoni mwa waliougua na hata kufa, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 9 na vifo 6. Ugonjwa wenye uwezo wa kuua mamia ulizimwa kwa kuwafuata waliogusana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo haiwezekani bila mwananchi kumwamini mtu mwenye daftari anayegonga mlango.

Imani hiyo ndiyo inayoleta suala zito kuliko yote katika uandishi wa waganga na wauguzi, nalo ni siri ya mgonjwa. Azimio la Geneva, ambalo waganga wa dunia hulifuata, humtaka daktari atunze siri hata baada ya mgonjwa kufa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imeliwekea jambo hilo adhabu. Hayo kila mmoja ameyasoma chuoni. Lakini chuoni walifundishwa siri ya mjini. Kijijini siri ina umbo lake. Mwandishi anaweza kuficha jina, akafikiri amemaliza, kisha akaandika kwamba ni mama wa watoto saba anayepika pombe karibu na mnada, aliyefiwa na mume mwaka jana. Gazeti halijafika jioni, kijiji kizima kimekwisha kujua. Tangu siku hiyo wanawake wenye dalili kama zake watapita mbele ya zahanati wakienda kwingine, na hakuna makala nzuri kiasi cha kuwarudisha.

Wapo wanaosema kwamba basi, kwa sababu ya hatari hiyo, mtumishi wa afya asiandike kabisa. Hoja hiyo ni ya uvivu iliyovaa joho la maadili. Dawa ya jambo hilo inajulikana kwa wote walioandika kwa muda mrefu. Pasipo ridhaa ya mgonjwa, kisa kisiandikwe. Na ridhaa inayoombwa na mtu aliyeshika sindano si ridhaa, iombwe mgonjwa akiwa amepona na yuko kwake. Pale ambapo ridhaa haipatikani, iandikwe hesabu badala ya mtu: watoto kumi na wanne wa kitongoji fulani wameharisha mwezi huu. Idadi ikiwa ndogo mno, mathalani mmoja au wawili, hata hesabu ni kidole kinachoonyesha, na heri iachwe. Na picha ya mgonjwa iliyopigwa kwa simu wodini, ikapelekwa kwa marafiki kwa kisingizio cha kuomba ushauri, haistahili kuitwa uandishi. Huo ni wizi.

Pamoja na siri ya mgonjwa kuna siri nyingine inayotafuta kujificha nyuma yake, nayo ni siri ya ofisi. Dawa zimekwisha, muuguzi ni mmoja kwa zamu mbili, gari la wagonjwa liko gereji. Je, hayo yaandikwe? Mtumishi wa umma ana taratibu zake na ana wakuu wake, na si haki akimbilie gazetini kabla ya kusema ndani. Lakini wakuu nao wana wajibu. Mkuu anayepokea taarifa ya upungufu kama tusi juu yake huwafundisha walio chini yake kuandika uongo katika vitabu vya MTUHA, na uongo huo ndio utakaomrudia wakati wa kugawa dawa. Florence Nightingale, ambaye wauguzi humkumbuka kwa taa yake, aliyatikisa majeshi ya Uingereza baada ya vita vya Krimea kwa hesabu za vifo vya askari waliouawa na uchafu wa hospitali kuliko risasi. Taa imekumbukwa na hesabu zimesahauliwa, na si kwa bahati mbaya.

Hesabu nazo zinahitaji mfasiri. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Tofauti hiyo ni kubwa, na nyuma yake kuna wakunga wengi walioacha usingizi wao. Lakini baba wa Mkalama anayeamua kama mkewe aende kituoni leo au angoje kesho hawezi kufanya lolote na 104. Anahitaji kuambiwa na mkunga anayemjua kwamba mama akitokwa damu baada ya kujifungua muda wa kumwokoa ni mfupi kuliko safari ya baiskeli, na kwa hiyo safari ifanyike kabla ya uchungu.

Jambo hilo linaweza kuanza bila kungoja gazeti wala fungu la fedha. Kila zahanati ina ubao au inaweza kupata ubao. Siku vitabu vinapojumlishwa, kabla ya taarifa kupelekwa wilayani, mistari minne iandikwe kwa ajili ya kijiji: nini kimewaugua watu mwezi huu, kitongoji gani zaidi, nini kinashukiwa, nini kifanyike kabla ya mwezi ujao. Nakala moja ikae mahali pa mnada na nyingine apewe mwenyekiti wa kijiji aisome mkutanoni kwa wasiojua kusoma. Watumishi wa zahanati jirani wabadilishane mistari hiyo, kwa kuwa kuhara kwa kitongoji kimoja leo ni kuhara kwa kitongoji cha pili juma lijalo, na yule aliye peke yake na wagonjwa sitini mlangoni atajua kwamba mwenzake ng'ambo ya mto ameona alichokiona yeye. Iliyoandikwa vizuri kuliko zote ipelekwe magazetini na redioni, ikiwa na jina la aliyeiandika.

Ubao wa kwanza uhusu maji. Mvua za Singida huanza kati ya Novemba na Desemba, visima vya mabondeni hujazwa na yaliyosombwa kutoka mashambani, na Kitabu cha 7 cha mwaka uliopita, kwa mwandiko wa muuguzi mwenyewe, kinaonyesha ni vitongoji vipi vilivyoleta watoto wa kwanza.